Mimi na Yaliyo Ng'ambo Yake: Usemi wa Nafsi katika Fasihi ya Kimalta

Mmalta anaposema kwamba alijihisi mgonjwa, hutumia kitenzi pamoja na neno *ruħi*, yaani roho yangu. Akitaka kusisitiza kwamba ni yeye mwenyewe na si mwingine, husema *jien innifsi*, mimi nafsi yangu, na neno hilo lina uhusiano wa karibu na *nifs*, pumzi. Ipo pia njia ya tatu, *jien stess*, ambayo imetoka kwa Waitalia. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kuyatambua maneno mawili ya kwanza, kwa kuwa roho na nafsi zilifika katika pwani ya Afrika Mashariki kutoka chemchemi hiyohiyo ya Kiarabu. Tofauti ni kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyokopa, ilhali Kimalta ni lugha ya Kisemiti kwa asili yake, iliyotokana na Kiarabu kilichosemwa Sicily na Malta katika zama za kati, kisha ikalelewa kwa karne nyingi na Wakristo waliosali kwa Kilatini na kuandikiana kwa Kiitaliano. Ndiyo maana Kwaresima kwa Kimalta huitwa *Randan*, neno ambalo Mswahili hulijua kama Ramadhani.

Hali hiyo inaibua swali ambalo wahakiki wa fasihi ya Kimalta wamelijibu kwa haraka mno: je, mtu anayeamua kuandika habari za nafsi yake kwa Kimalta anafanya nini hasa? Jibu lililozoeleka ni la kizalendo. Inasemwa kwamba mwandishi aliyeacha Kiitaliano au Kiingereza na kushika Kimalta alilitumikia taifa. Jibu hilo si la uongo, lakini linaihamisha nafsi kutoka katika chumba chake na kuipeleka uwanjani kabla haijasema lolote. Makala hii inashikilia kwamba fasihi ya Kimalta, tangu maandishi yake ya kale kabisa yanayofahamika, ni fasihi ya nafsi inayolalamika, na kwamba taifa lilikuja baadaye kuidai nafsi hiyo kuwa mali yake.

Ushahidi wa kwanza ni shairi la Pietro Caxaro linalojulikana kama *Il-Kantilena*, la mistari 20, lililotungwa katika karne ya 15. Caxaro alifariki mwaka 1485. Shairi lake halikuhifadhiwa kama kazi ya fasihi. Jamaa yake Brandano, aliyekuwa mthibitishaji wa hati, alilinakili ndani ya daftari lake la mikataba, na huko likakaa hadi lilipogunduliwa na Mikiel Fsadni na Godfrey Wettinger mwaka 1966, wakalichapisha mwaka 1968. Nafsineni katika shairi hilo anawaeleza jirani zake masaibu yake. Nyumba aliyoijenga kwa muda mrefu imeporomoka, na kosa si la mafundi bali la udongo uliolegea chini ya msingi. (Neno lililotumika kwa mafundi hao lina mzizi mmoja na mwalimu wa Kiswahili.) Wahakiki wamebishana kama nyumba hiyo ni nyumba ya mawe, mapenzi yaliyovunjika au mji uliopatwa na balaa. Ubishi huo una manufaa yake, lakini ukweli ulio wazi zaidi hupitwa: maandishi ya kale kabisa ya fasihi katika lugha hii yanaanza na mtu anayesema mimi, na mtu huyo ameshindwa. Hakuna shujaa wala nasaba ya kusifiwa.

Baada ya Caxaro Kimalta kilibaki kwa muda mrefu kuwa lugha ya shamba, soko na jiko. Mikiel Anton Vassalli, aliyezaliwa mwaka 1764, alikiandikia sarufi na kamusi, akapitia uhamisho kwa sababu za kisiasa, na mwishoni mwa maisha yake akakifundisha katika Chuo Kikuu cha Malta. Hata hivyo Mmalta aliyesoma aliendelea kuona kwamba Kimalta kinafaa kumwagiza mtumishi na kumbembeleza mtoto, na kwamba huzuni yenye heshima huandikwa kwa Kiitaliano.

Karm Psaila, ajulikanaye kama Dun Karm, alilelewa katika mazoea hayo. Alizaliwa Żebbuġ mwaka 1871, akawa padri na mwalimu wa seminari, akachapisha mashairi kwa Kiitaliano tangu karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni. Alikuwa na umri wa miaka 40 na ushei wakati Ġużè Muscat Azzopardi na padri mwenzake walipomwomba shairi la Kimalta kwa ajili ya toleo la kwanza la gazeti la *Il-Ħabib* mwaka 1912. Alitoa shairi la ibada mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Miaka kumi baadaye aliandika maneno ya wimbo wa taifa kwa muziki wa Robert Samut, na tangu hapo sura ya mshairi wa taifa ikaufunika uso wa padri mpweke.

Wanaolisoma tukio la 1912 kama wito wa uzalendo hawatilii maanani kwamba mama wa mshairi alikuwa amefariki miaka michache tu kabla yake, na kwamba kifo hicho kinarudi mara kwa mara katika tungo zake za Kimalta. Mama ndiye aliyezungumza naye kwa Kimalta. Mtu aliyezoea kuomboleza kwa lugha ya shule, akifiwa na yule aliyemfundisha lugha ya nyumbani, ana sababu ya kurudi kwenye lugha hiyo ambayo haihitaji bendera. Katika *Wied Qirda*, shairi la bonde lililo karibu na kwao, nafsineni anatafuta utulivu peke yake. Nchi inayoonekana humo ni ile ambayo mtu mmoja anaweza kuitembea kwa miguu jioni moja. Kulisoma shairi hilo kama ramani ya taifa ni kulitwisha mzigo ambao halikuuomba.

Kazi yake kubwa zaidi kuhusu nafsi ni *Il-Jien u Lil Hinn Minnu* ya mwaka 1938. Kwa Kiswahili jina hilo ni Mimi na Yaliyo Ng'ambo Yake. Ujasiri wake unaanzia katika sarufi. *Jien* ni kiwakilishi, mimi. Dun Karm amekivisha kibainishi *il-* na kukigeuza kuwa nomino, kitu cha kutazamwa na kuhojiwa. Kiswahili kingeweza kusema umimi, lakini neno hilo limekwisha kubeba harufu ya ubinafsi, na *il-jien* ya Dun Karm haina lawama hiyo. Kila neno katika jina la utenzi huo ni la asili ya Kisemiti. Mtu aliyekuwa bingwa wa Kiitaliano, ambaye miaka miwili tu kabla alikuwa ametafsiri utenzi mrefu wa Ugo Foscolo kuhusu makaburi na kuuita *L-Oqbra*, alipofika kwenye swali la yeye ni nani aliweka Kiitaliano kando kabisa. *L-Oqbra* ni neno la jamii moja na kaburi, na yawezekana kazi hiyo ya kutafsiri ndiyo iliyomthibitishia kwamba Kimalta kinaweza kuhimili uzito wa falsafa.

Utenzi unasafiri ndani ya nafsi. Nafsineni anahoji asili yake na mwisho wake, akili inajaribu kujibu na kushindwa, shaka inamkaribia kiasi cha kutisha, kisha anajisalimisha kwa mapenzi ya Mungu asiyoyafahamu. Sifa za safari hiyo zimetolewa na wahakiki wengi, akiwemo Oliver Friggieri aliyetumia miaka mingi ya usomi wake kumsoma Dun Karm. Lisilosemwa kwa uwazi wa kutosha ni kwamba umaliziaji wake una gharama. *Il-jien* imeruhusiwa kuzungumza kwa sharti kwamba mwishoni itanyamaza. Sehemu za shaka ndizo zenye nguvu kubwa zaidi ya kishairi, na msomaji asiye na imani ya mshairi anaweza kuhisi kwamba jibu limefika mapema kuliko swali lilivyostahili. Hilo halipunguzi ukweli wa Dun Karm, ambaye aliishi alichokiandika. Linaonyesha tu mpaka wa nafsi ambayo jamii yake ilikuwa tayari kuisikiliza.

Mpaka huo unaonekana vizuri zaidi ukisomwa pamoja na kitabu kingine cha mwaka huohuo wa 1938, riwaya ya Ġużè Ellul Mercer iitwayo *Leli ta' Ħaż-Żgħir*. Leli ni kijana wa kijijini anayesoma vitabu. Kusoma kunamfanya afikiri, kufikiri kunamtia shaka, na shaka inamtenga na watu wa kijiji na kuvuruga utulivu wa akili yake. Swali lake ni lile la padri wa Żebbuġ, ila Leli hana kanzu ya kumkinga. Dun Karm anaweza kutia shaka kwa sababu kila mtu anajua atarejea. Leli akitia shaka, majirani wanamhesabu kuwa amepotea. Kwa upande wa fani, riwaya hii haina ukamilifu wa utenzi wa Dun Karm. Usimulizi wake huelekea kufundisha, na baadhi ya wahusika wasaidizi wapo kwa ajili ya kupinga tu. Pamoja na hayo, humo ndimo nafsi ya Kimalta inapofuatwa hadi mahali ambapo utenzi ulikataa kwenda, na mwandishi hamfanyii mhusika wake mzaha kwa kufika huko.

Kilichofuata baada ya vitabu hivyo viwili kinaeleza kwa nini suala hili si la darasani pekee. Ellul Mercer aliingia siasa na kuwa naibu kiongozi wa Chama cha Labour. Mwaka 1961 mgogoro kati ya chama hicho na Kanisa Katoliki ulifikia hatua ya viongozi wa chama kuwekewa adhabu ya kikanisa iliyowanyima sakramenti na maziko katika ardhi iliyobarikiwa. Ellul Mercer alifariki Septemba 1961, akazikwa katika sehemu isiyobarikiwa ya makaburi, ambayo watu waliiita jalala. Dun Karm alifariki Oktoba ya mwaka huohuo akiwa mshairi wa taifa. Waandishi wawili waliotoa vitabu vya nafsi katika mwaka mmoja walifariki katika majira mamoja, na nchi ikawapa ardhi za aina mbili. Adhabu hiyo ilitolewa kwa sababu za chama, na mhakiki hapaswi kudai kwamba Ellul Mercer alizikwa hivyo kwa ajili ya Leli. Lakini msomaji aliyekwisha kumsindikiza Leli anapofika kwenye kaburi hilo haoni jambo geni.

Mgogoro huo ulimalizika mwaka 1969, miaka mitano baada ya uhuru. Kizazi cha waandishi kilichoibuka katikati ya miaka ya 1960 kiliuchukua moja kwa moja. Katika riwaya ya Frans Sammut, *Il-Gaġġa* ya mwaka 1971, kijana Fredu Gambin anaona kijiji, familia na dini kuwa tundu, kama lile la ndege, ambalo ndilo maana ya jina la kitabu. Kazi hii imesifiwa sana na inastahili, ingawa leo uasi wa Fredu unasomeka kama uasi wa kipindi kizima zaidi ya kuwa wa mtu mmoja. *Gaġġa* ni neno la asili ya Kirumi. Mzizi wa *jien* ulikuwa wa Kisemiti. Tundu linaloizingira limekuja na meli kutoka kaskazini. Huenda Sammut hakukusudia hilo, lakini lugha yenyewe huweka kumbukumbu ambazo mwandishi hakuziagiza.

Kumbukumbu hizo zinafanya kazi kwa ustadi mkubwa zaidi katika kitabu cha Immanuel Mifsud, *Fl-Isem tal-Missier (u tal-Iben)* cha mwaka 2010, kilichopata Tuzo ya Fasihi ya Umoja wa Ulaya mwaka 2011. Jina lake ni Kwa Jina la Baba (na la Mwana). Msimulizi anasoma shajara ya baba yake marehemu, aliyekuwa askari katika Vita Vikuu vya Pili, wakati ambapo yeye mwenyewe amepata mtoto. Ni kitabu kifupi, cha vipande vipande, kinachokwenda kati ya daftari la baba, mwili wa baba na mikono ya mwana aliyeshika mtoto bila kujua vizuri la kufanya. Baba alimfundisha kwamba mwanamume halii. Daftari linamwonyesha mwanamume mwingine.

Jina la kitabu limevunja ishara ya msalaba katikati. Nafsi ya tatu ya Utatu haikutajwa, na Mwana amewekwa ndani ya mabano. Hapo Kimalta kinasema jambo ambalo tafsiri haiwezi kulibeba. *Isem* ni la Kisemiti, na Mswahili hulikuta kila anaposoma habari za ismu. *Iben* pia, ni lile bin la nasaba za pwani. *Missier* si la Kisemiti. Limetokana na neno la heshima la Kiitaliano cha kale lililomaanisha bwana wangu. Wamalta walihifadhi neno la Kisemiti kwa mama, *omm*, na kwa mwana, lakini baba wakamwita kwa cheo cha bwana aliyetoka ng'ambo. Katika kitabu kinachohusu mwana anayetafuta njia ya kumfikia baba aliyekuwa mbali, na baba huyo ni askari aliyetumikia jeshi la wakoloni, etimolojia hiyo si pambo. Roho ambayo Mifsud aliiacha nje nayo ina kisa chake: Kimalta huita roho ya mtu *ruħ*, lakini Roho Mtakatifu ni *l-Ispirtu s-Santu*, Mlatini mtupu. Ya ndani ni ya Kisemiti, iliyo juu ni ya Kirumi. Kiswahili kimetumia neno moja kwa zote mbili na hivyo hakijui mpasuko huo.

Kinyume chake kinapatikana kwa Walid Nabhan, aliyezaliwa Amman mwaka 1966 katika familia ya Kipalestina, akafika Malta mwaka 1990, na kuchagua kuandika kwa Kimalta. Riwaya yake *L-Eżodu taċ-Ċikonji*, yaani Kuhama kwa Makorongo, ya mwaka 2013, ilipata tuzo ileile ya Ulaya mwaka 2017. Kwa mtu aliyelelewa kwa Kiarabu, Kimalta ni nyumba ambayo vyumba vyake anavijua gizani ila milango imehamishwa. Ingetarajiwa aegemee upande wa Kisemiti wa lugha hiyo. Jina la riwaya linafanya tofauti: *eżodu* na *ċikonji* yote ni ya upande wa Kirumi. Padri aliyelelewa kwa Kiitaliano alitumia Usemiti wa Kimalta kujitafuta, na Mwarabu aliyepoteza nchi akatumia Urumi wa lugha hiyohiyo kusema kuhusu upotevu wake. Kila mmoja aliikuta nafsi yake katika nusu ya lugha ambayo hakulelewa nayo kama msomaji. Wanaodai kwamba Mmalta halisi hujieleza kwa maneno ya Kisemiti tu, na wale wanaoona aibu juu ya upande huo na kujivunia Uropa, wote wana kazi ngumu mbele ya vitabu hivi viwili vikiwekwa kwenye meza moja.

Linabaki suala la herufi, ambalo wahakiki huliachia wanaisimu. Alfabeti ya sasa yenye herufi 30 iliandaliwa na Għaqda tal-Kittieba tal-Malti, chama cha waandishi kilichoundwa mwaka 1920. Kitabu chake cha kanuni kilitoka mwaka 1924, na serikali ikaikubali alfabeti hiyo mwaka 1934, mwaka uleule Kimalta kilipofanywa lugha rasmi. Tangu Mei 2004 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Kompyuta hazikujali heshima hizo. Seti ya herufi iliyoenea zaidi Ulaya Magharibi haikuwa na ċ, ġ, ħ wala ż, na kiwango cha kimataifa cha 1988 kilichozijumuisha kiliziweka pamoja na zile za Kiesperanto, kana kwamba lugha ambayo watu huzaliwa, huolewa na kuzikwa nayo ni jirani wa lugha iliyobuniwa mezani. Wamalta wakazoea kuandikiana bila nukta na bila mkwaju, na hata baada ya Unicode kuondoa kizuizi hicho mazoea yamebaki katika ujumbe wa kila siku.

Inasemwa kwamba muktadha hufidia. Mara nyingi hufidia kweli, hasa kwa ċ, kwa kuwa alfabeti hiyo haina c nyingine. Kwa ħ mambo ni tofauti. *Ħija* ni ndugu yangu wa kiume. *Hija*, bila mkwaju, ni yeye, mwanamke. Mtu anayemwandikia rafiki usiku habari za kaka yake aliyefariki, kwa vidole vyenye haraka na kibodi iliyopangwa kwa Kiingereza, hutuma sentensi ambayo ndani yake kaka hayumo. Rafiki ataelewa, na pengine hataona kosa lolote. Dun Karm, ambaye katika uzee wake alitunga kamusi ya Kiingereza na Kimalta iliyochapishwa kuanzia mwaka 1947, angeuona mkwaju uliokosekana kabla ya kuona kitu kingine.